Kuogelea, sarakasi au ngoma: darasa lipi lisilo na mashindano linamfaa mtoto mdogo?

Mama Nasra
Habari za jioni, ndugu zangu. Natafuta darasa la kumpeleka binti yangu Jumamosi asubuhi, na nimebaki na machaguo matatu: kuogelea, sarakasi ya watoto ile ya kubingirika kwenye magodoro, na kikundi cha ngoma na muziki. Sharti langu ni kwamba pasiwe na mashindano, yaani pasiwe na vikombe wala kupangwa nani wa kwanza na nani wa mwisho. Natakiwa kulipa kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu nafasi zinajaa. Wenye uzoefu, mngechukua lipi?

Baba Pacha
Dada, hujatueleza mtoto ana umri gani, mnaishi wapi, wala ada unayoweza kuimudu. Mtoto wa miaka 3 na wa miaka 8 hawawezi kupewa ushauri mmoja. Tueleze pia kwa nini hutaki mashindano, maana huenda sababu hiyo ndiyo itakayoamua darasa lenyewe.

Mwalimu wa Awali
Naunga mkono maswali ya Baba Pacha, na wakati tunasubiri majibu ningependa kusema jambo moja. Nimefundisha darasa la awali kwa miaka 14, na nimeona kwamba mtoto wa darasa hilo haelewi nafasi ya tatu au ya saba kama tunavyoielewa sisi. Anachokielewa ni kwamba fulani alipigiwa makofi na yeye hakupigiwa. Hapo hapo anajiwekea hukumu kwamba jambo lile si lake, na kumwondolea hukumu hiyo kunaweza kuchukua mwaka mzima. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 inataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za nguvu ya wastani au zaidi. Dakika zote hizo anaweza kuzipata bila kumshinda mtu yeyote, ilimradi apende kurudi kesho.

Bibi wa Ilala
Wanangu, sisi darasa hilo tulilipata uani bila ada. Tulicheza kombolela na kidali po, na wadogo kabisa tuliwapanga kwenye duara la ukuti, wakashikana mikono, wakazunguka na kuinama wote kwa pamoja, asiwepo aliyebaki nje. Leo nyua zimejengwa fremu za maduka na barabara zimejaa pikipiki, kwa hiyo siwalaumu mnaolipia. Ila kwa ushauri wangu mchukue ngoma. Kwenye ngoma mtoto akipotea hatua anamtazama wa pembeni yake na kurudi kwenye mwendo, na mpigaji hamsimamishi mtu kwa sababu amekosea.

Kocha wa Mtaa
Shikamoo Bibi. Kwa heshima zote natofautiana na waliotangulia. Nawafundisha watoto mpira wa miguu jioni, na ninaamini mtoto anahitaji kuonja kushindwa mapema, akiwa bado ana mama wa kumfuta machozi. Shule zetu zina mitihani tangu chini kabisa. Asipozoea kushindwa kwenye mchezo, atakuja kuvunjika moyo siku ya matokeo. Mpira hauna gharama kubwa, na unamfundisha mtoto kwamba wenzake wanamtegemea. Dada, usiuondoe kwenye hesabu.

Mama Jabali
Kocha, naheshimu kazi yako, lakini naomba unisikilize kwa kirefu kidogo, kwa sababu haya yalitukuta sisi wenyewe.

Mwanangu alipotimiza miaka 6 nilimwandikisha kwenye kituo cha mpira ambacho sitakitaja jina. Wiki tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Wiki ya nne mwalimu wao akaanzisha utaratibu wa kuteua manahodha wawili, nao wakawa wanachagua wenzao mmoja mmoja mbele ya wazazi tuliokaa kwenye viti vya plastiki. Mwanangu alibaki wa mwisho, na nahodha mmoja akamwambia mwenzake, "Basi huyo mchukueni nyinyi." Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Nilipomfuata mwalimu pembeni, alinijibu kwamba hivyo ndivyo watoto wanavyojifunza kujituma.

Wiki ya saba tulitafuta viatu vya mpira nyumba nzima bila kuviona. Nilivikuta nyuma ya tangi la maji, vimo ndani ya mfuko wa salfeti, kamba zake zimefungwa mafundo juu ya mafundo mpaka ilibidi nitumie meno ya uma kuzifungua. Sikumgombeza. Niligeuza ndoo nikakaa, nikamuuliza kulikoni, naye akaniambia, "Nisipokwenda, hawatapata shida ya kunichagua." Kwa karibu mwaka mzima hakuugusa mpira, hata na binamu zake.

Kilichomrudisha ni sarakasi. Mwalimu wa pale alikuwa akimwambia kila mtoto ataje kitu kimoja ambacho wiki iliyopita hakukiweza, kisha anakifanyia kazi hicho tu. Mwanangu alitaja kusimama kwa mikono ukutani. Ilimchukua wiki tano, na siku alipoweza, waliomshikilia miguu walikuwa watoto wenzake. Ndiyo maana namshauri Mama Nasra aende huko.

Kocha wa Mtaa
Pole sana, Mama Jabali. Huyo mwalimu alikosea, na hata mimi nisingekubali watoto wa miaka 6 wachaguane hivyo mbele ya wazazi. Mimi nawagawa kwa rangi za fulana, basi. Lakini kosa ni la mwalimu, mpira hauna kosa.

Mzazi wa Bergen
Kocha, hapo ndipo panaponigusa, kwa sababu huku Norwei hawakuliacha jambo hilo mikononi mwa mwalimu mmoja mmoja. Shirikisho la michezo la nchi lilipitisha kanuni za haki za watoto michezoni mwaka 1987 na kuzirekebisha 2007. Mtoto anaruhusiwa kushiriki mashindano ya karibu na nyumbani kuanzia mwaka anaotimiza miaka 6, lakini orodha za matokeo, jedwali na msimamo haviruhusiwi kabla ya mwaka anaotimiza 11. Mechi zipo, watoto wanafunga mabao na kushangilia, ila klabu haichapishi nani anaongoza. Wanaodhani malezi haya yanazaa watu legelege watazame Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018, ambako nchi hii ndogo iliongoza dunia kwa medali 39. Sisemi kanuni hizo ndizo zilizoleta medali. Ninachosema ni kwamba hazikuzizuia.

Baba Pacha
Hata Japani, nchi iliyoizaa judo, shirikisho lao lilifuta mwaka 2022 mashindano ya kitaifa ya mtu mmoja mmoja kwa watoto wa shule ya msingi, kwa kuona kwamba wazazi na makocha walikuwa wamezidisha tamaa ya ushindi. Nalitaja hili kwa sababu pacha wangu wako kwenye karate, na ningemshauri Mama Nasra aiongeze kwenye orodha yake. Mkanda unampima mtoto dhidi yake mwenyewe.

Mama Jabali
Mkanda una rangi, Baba Pacha, na watoto wanazitazama rangi za wenzao. Wako wawili hawajawahi kugombana kwamba mmoja amepata wa njano na mwingine bado ni mweupe?

Baba Pacha
Waligombana mara moja, na mmoja alilala na mkanda wa mwenzake chini ya mto. Nakubali. Hata hivyo, baada ya hapo mwalimu aliwaita wote wawili akawapa mtihani siku tofauti, na jambo likatulia.

Mwalimu wa Awali
Kocha aligusa suala la mitihani. Tukumbuke kwamba Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha utaratibu wa kuzitaja shule bora na wanafunzi bora. Ikiwa tumeona haja hiyo kwa vijana wa sekondari, sioni kwa nini mtoto wa chekechea abebe msimamo wa ligi.

Kocha wa Mtaa
Mwalimu, mitihani yenyewe haikufutwa. Mtoto bado anapimwa, kilichoondoka ni kutangaza. Naona tunachanganya kupimwa na kutangazwa.

Mwalimu wa Awali
Tofauti hiyo naikubali kabisa, na huenda ndiyo anayoitafuta Mama Nasra bila kuitaja.

Mama Nasra
Samahanini kwa kuchelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Nasra ana miaka 5, tunaishi Tabata, Dar es Salaam, na kwa mwezi siwezi kuzidisha shilingi 120,000 pamoja na nauli. Kuhusu sababu, mwaka jana siku ya michezo shuleni kwao alikimbia mbio za magunia. Alianguka pale pale kwenye mstari wa chokaa, wenzake wakamaliza, na kipaza sauti kikatangaza mpaka wa mwisho, ambaye alikuwa yeye. Tangu siku hiyo neno lake ni "mimi siwezi". Anakataa kuruka kamba, anakataa hata kupanda bembea kama kuna mtoto mwingine anayetazama. Darasa la kuogelea ni 100,000 bila nauli, sarakasi ni 80,000, ngoma ni 50,000.

Bibi wa Ilala
Pole mwanangu, na mjukuu wangu mpe pole. Mpeleke kwenye ngoma, akajifiche katikati ya wenzake mpaka mwenyewe atake kuonekana.

Mzazi wa Bergen
Kwa maelezo hayo mimi nimeegemea kuogelea, mradi nauli isikuvushe kikomo chako. Ni stadi ya kuokoa maisha, hasa kwa watoto wa mji wa pwani. Ila kabla ya kulipa, nenda ukae dakika 30 pembeni mwa bwawa uone mwalimu anafanya nini mtoto anapokataa kuzamisha uso. Akimsubiri, lipa. Akimlinganisha na mwenzake, ondoka.

Mama Jabali
Na uulize kama mzazi anaruhusiwa kukaa na kutazama kila wiki. Pale kwenye mpira, baada ya malalamiko yangu, wazazi tuliambiwa tusubiri nje ya geti.

Kocha wa Mtaa
Mama Nasra, baada ya kusoma habari ya kipaza sauti, nauondoa mpira kwenye pendekezo langu kwa sasa. Akifika miaka 8 tutazungumza tena.

Mama Nasra
Nawashukuru wote. Jumamosi hii nitakwenda bwawani kwanza, kisha kwenye sarakasi, kwa kuwa ziko barabara moja. Nilimweleza Nasra jana usiku nikiwa namsuka, akaniuliza kama ndani ya maji nako kuna mstari wa kuanzia. Nilimwambia nitakwenda kutazama. Na kabla sijasahau, wenye mabinti wanaoogelea: nywele zilizosukwa rasta mnazikinga vipi na dawa ya bwawa?

Baba Pacha
Kofia mbili, ya kitambaa ndani na ya mpira juu, na mafuta ya nazi kabla ya kuingia. Ila mke wangu anasema rasta zifumuliwe kabisa. Mwenye uzoefu zaidi atusaidie.