Eti "barabara haipungui, pungueni nyie"! Huyu bwana katutukana Mikindani nzima

Mjukuu wa Kusini (mleta mada):

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na sitaki mtu wa kuniambia ninywe maji.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule bwana wa mambo ya barabara, mwenye kizibao cha rangi ya chungwa anachokivaa hata msibani, anayeegesha gari juu ya zebra halafu anawagombeza wanaopita pembeni. Huyo huyo. Leo kaja kwetu Mikindani, huku Mtwara, kwenye kikao cha wananchi, tena kachelewa mpaka jua limehama upande mmoja wa baraza kwenda wa pili, watoto waliokuja wamebebwa wakaondoka wanatembea.

Sasa sikilizeni. Bi mkubwa wa mtaa wetu, mama ambaye hata wazee wenye mvi wanamwamkia, kainuka na mkongojo wake. Kasema taratibu: "Mwanangu, hii njia kuu inapita kifuani mwa mji. Tunaomba kipande hiki tu cha nyumba za kale kipunguzwe upana. Magari mawili yapishane polepole, sehemu inayobaki iwe ya watu wa miguu, wajukuu wetu wavuke." Basi. Hakutukana mtu, hakupandisha sauti.

Huyu bwana alikuwa anakula korosho. Hakusimama. Shikamoo hakutoa. Akasugua korosho kwa vidole, akapuliza ganda, likatua kwenye mkeka mbele ya miguu ya bibi, akasema: "Barabara haipungui, bibi. Pungueni nyie."

PUNGUENI NYIE!

Na wale aliokuja nao wakacheka. Wakacheka, wakuu! Mbele ya mama wa umri ule!

Tupungue vipi? Tufe? Tuhame? Tuzae kwa zamu? Tujikunje tupite chini ya malori? Mji huu ulikuwa mji kabla lami haijajulikana. Hilo Boma ambalo wageni wanapiga nalo picha, Wajerumani walilijenga 1895 na walikuta watu, misikiti na biashara ya majahazi. Livingstone alishukia ghuba hii 1866 akaanza safari yake ya mwisho ya bara, na alitoka hapa kwa miguu. Njia zetu zilipimwa kwa mtu, punda na mzigo wa kichwani. Nyumba ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Msimu wa korosho malori yakianza kupita usiku, meno ya bandia ya jirani yangu yanacheza ngoma ndani ya bilauri, na chokaa ya dari inakolea kwenye uji kuliko sukari. Ukuta uliovumilia bahari na chumvi miaka mia unakuja kuuliwa na tela!

Sheria inasema kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, hakuna asiyejua. Lakini dereva hasomi kibao, anasoma barabara. Akiona lami pana imenyooka kama uwanja wa ndege anakanyaga. Akiona njia imebana, kingo ziko karibu na kivuko kimeinuliwa, mguu unatoka wenyewe kwenye mafuta. Hilo ndilo bibi aliloomba. Jibu lake likawa ganda la korosho.

Pungueni nyie. Nikilala nalisikia. Tena kwa bibi! Angeniambia mimi ningemjibu. Kamwambia bibi!

---

Siti ya Mbele: Nimefika mapema leo. Endeleeni, nipo.

---

Kahawa Chungu: Huyo namjua fika. Alikuja kwetu mwaka wa mvua kubwa, tukamwomba kivuko cha shule, akasema watoto wetu wafundishwe kukimbia. Hakuna kitu pale, ni kizibao tu kinatembea.

---

Mwana wa Mgambo: Povu lote hili kisa ganda la korosho? Mleta mada tuliza mshono. Barabara ya kitaifa ikipunguzwa kila kijiji kinapotaka, toka Dar mpaka Mtwara utafika lini? Utafika umeshaoa na kuachika njiani.

---

Mjukuu wa Kusini: @Mwana wa Mgambo soma tena. Hakuna aliyeomba Dar mpaka Mtwara. Ni kipande cha mji wa kale, unakimaliza kabla hujamaliza kutafuna muwa. Na hata kama ombi lilikuwa la kijinga, mama mtu mzima anajibiwa "pungueni nyie"? Mama yako angejibiwa hivyo ungesema nitulize mshono?

---

Dereva wa Semi: Mimi ndiye mnayemlaani, kwa hiyo na mimi nina la kusema. Nyie watu wa vijijini ndio mmetuua. Kibiti matuta, Nangurukuru matuta, ukikaribia Lindi matuta na rasta (vile vituta vidogo vya kufuatana) juu yake, mengine hayana rangi wala kibao, unayagundua kichwa kikiwa kwenye dari. Springi nabadilisha mimi, tajiri ananikata mimi. Na baada ya tuta kuna trafiki wa tochi ya kupima mwendo kajificha nyuma ya mwembe. Nani aliwahi kufungua uzi wa dereva?

---

Kahawa Chungu: @Dereva wa Semi tuta lipo kwa sababu unakimbia, mkuu. Punguza mwendo, springi zipone.

---

Dereva wa Semi: Nipunguze mwendo halafu korosho iliyokuwa ifike bandarini usiku ifike kesho, faini unalipa wewe?

---

Mpima Lami: Wakuu, niliwahi kushika vipimo kazini, niongeze kidogo. Ombi la yule bibi halina ujinga wowote. Chukua barabara yenye upana wa mita 10, mabega yakiwemo. Mzee anatembea mita 1 kwa sekunde, anahitaji sekunde 10 kuvuka. Lori la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, maana yake akianza kuvuka linaweza kuwa umbali wa mita 220, hata halionekani vizuri, na bado likamkuta hajamaliza kuvuka. Sasa leta upana uwe mita 6 na mwendo uwe 30. Anavuka kwa sekunde 6, na gari katika muda huo limetembea mita 50 tu. Dereva anamwona usoni.

Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Na Azimio la Stockholm la 2020 lilitaka 30 iwe kikomo pale magari na waenda kwa miguu wanapochanganyika. Tuta linamchelewesha dereva sehemu moja, likipita anakanyaga upya. Upana ukipunguzwa unamshika kipande chote, na kwa springi za @Dereva wa Semi ni afadhali zaidi. Lami haibomolewi yote. Unahamisha ukingo, unapanua njia ya miguu, unainua kivuko, unaweka miti au nguzo pale mji unapoanzia ili dereva ajue kaingia kwa watu.

---

Siti ya Mbele: @Mpima Lami umemwaga hesabu mpaka nimesinzia. Ila umeua.

---

Mjukuu wa Kusini: @Mpima Lami Mungu akubariki. Ungekuwepo! Yule bwana angeulizwa hizo sekunde 10 angezitoa wapi? Bibi yule anavuka pale kila alfajiri kwenda kuswali. Kila alfajiri! Na kaambiwa apungue yeye.

---

Mwana wa Mgambo: Suluhisho ni barabara ya mchepuko, malori yapite nje ya mji. Mambo ya kubana njia kuu ni ushamba.

---

Chai ya Rangi: Tuliambiwa baki njia kuu, mchepuko sio dili 😂😂

---

Mwana wa Mgambo: Kuna watu humu hamuwezi kukaa kwenye mada hata dakika.

---

Mtoto wa Darajani: Nyinyi wa bara mnaililia njia nyembamba hamjaishi nayo. Huku Unguja, Mji Mkongwe, Urithi wa Dunia tokea 2000, vichochoro vyengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Basi vespa inapita humo humo, honi inakulipukia sikioni, wewe na kikapu chako mnajibana kwenye mlango wa watu. Juzi imeniparua kanzu mpya. Wembamba pekee haumtii mtu adabu.

---

Mlamu Asili: @Mtoto wa Darajani pole, lakini sisi Lamu njia zetu ni nyembamba vile vile na mji umekaa kwa punda na miguu. Usita wa Mui, njia yetu kuu, unapita toka mwanzo wa mji mpaka mwisho wake, mzigo unabebwa na punda au mkokoteni. Bodaboda zilipoanza kujipenyeza, wazee walisimama wakasema hapana. Siri ni wenyewe kusimama, si upana. Kero yetu ni kinyesi cha punda, lakini kinyesi hakijawahi kumgonga mtu.

---

Mtoto wa Darajani: Kinateleza lakini. Nilianguka hapo Lamu mbele ya wageni.

---

Mlamu Asili: Ulikuwa umevaa viatu vya mjini. Makosa si ya punda.

---

Mbeba Boksi: Huku Uingereza kijiji nilipo wamebana barabara kuu makusudi, sehemu nyingine linapita gari moja tu, la upande wa pili linasubiri, kuna kibao cha mshale kinaonyesha nani atangulie. Basi la abiria linasubiri, lori linasubiri, hakuna anayepiga honi.

---

Dereva wa Semi: Lete mshale huo Mbagala uone nani atasubiri. Magari yatakutana pua kwa pua mpaka uchaguzi ujao.

---

Kahawa Chungu: @Mbeba Boksi tuma pesa nyumbani, dari ya mama yako inavuja.

---

Mjukuu wa Kusini: Jamani, turudini kwenye mada. PUNGUENI NYIE. Mnaelewa uzito wake? Mtu analipwa kwa kodi ya bibi huyo huyo, ya ukindu wake na mihogo yake sokoni! Sitaki aombe radhi humu mtandaoni, arudi pale barazani, avue viatu, atoe shikamoo, aokote lile ganda. Tulikuwa tumechora mpaka ramani kwenye karatasi ya manila, vijana wamepima kwa kamba ya nyavu. Hakuifungua. Kaiwekea bilauri ya maji juu, wino umevuja.

---

Nyumba ya Alama: Mleta mada, nakuonea wivu. Wewe umeomba ipungue, wamekataa, unalala kwako. Sisi ilitufuata mpaka kitandani. Mzee wangu kajenga, kafuata vipimo vya wakati wake, mita 22.5 toka katikati ya barabara. Ikaja Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara ikawa mita 30 kila upande. Asubuhi tunafungua mlango, X nyekundu ya kubomolewa ukutani, rangi bado mbichi, mama kaiegemea bila kujua, X imehamia mgongoni kwenye khanga yake. Yeye ndiye abomolewe?

---

Kahawa Chungu: Daah. Pole sana mkuu. Hii ya khanga imenichoma.

---

Chai ya Rangi: @Nyumba ya Alama nyekundu au kijani? Maana kijani ni fidia.

---

Nyumba ya Alama: Nyekundu. Nyumba ilikuwepo kabla ya hiyo sheria, ipo mita 25 toka katikati, nimepima mwenyewe kwa futi kamba. Kwa hesabu yangu ilitakiwa kijani. Nimekwenda ofisini naambiwa aliyepaka rangi kahamishwa.

---

Dereva wa Semi: Kwetu walipaka X mpaka kwenye mwembe. Mwembe nao ulijenga kinyume cha sheria?

---

Mwana wa Mgambo: Hapa nipo na wewe @Nyumba ya Alama. Kama ilikuwepo kabla ya 2007 na ipo kwenye zile mita 7.5 zilizoongezwa, una haki ya fidia. Usikubali kubomoa mwenyewe hata wakikutisha.

---

Siti ya Mbele: Uzi umenoga. Hii ya X ifunguliwe uzi wake.

---

Mjukuu wa Kusini: Na ya bibi je?

---

Chai ya Rangi: @Nyumba ya Alama una karatasi yoyote ya zamani? Stakabadhi ya kodi ya jengo, barua ya serikali ya kijiji, chochote chenye tarehe?

---

Nyumba ya Alama: Ipo stakabadhi ya mzee ya miaka ya tisini, imeliwa na mchwa pembeni lakini tarehe inasomeka.

---

Mpima Lami: Itoe nakala leo hii, igonge muhuri kwa wakili. Andika barua ya kuomba tathmini, peleka nakala kwa mkuu wa wilaya, wasaini kwenye daftari lako kwamba wameipokea. Ile orijino usimpe mtu, hata akija na kizibao.

---

Nyumba ya Alama: Wakili wa Lindi mjini kuna anayejulikana asiye na njaa sana? Mwenye namba anitumie pembeni.