Kwa nini Kanuni ya Mt. Klara wa Asizi ilichelewa miaka 41?

MamaJumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Naandaa mada ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) kwa sikukuu ya Mt. Klara, tarehe 11 Agosti. Klara aliingia utawani 1212, Kanuni yake ikakubaliwa 1253, siku mbili kabla hajafariki. Katikati hapo masista wa San Damiano, monasteri yake, waliishi kwa kanuni ipi? Kilichochelewesha ni nini? Pia vijana wataigiza ile habari ya Wasaraseni, askari Waislamu walioivamia monasteri: Klara ashike monstransi (chombo cha kuonyeshea Ekaristi)?

Mfransiskani
Milele, amina. Mwanzoni walikuwa na maneno machache tu ya Fransisko juu ya namna ya kuishi. Mwaka 1215 Mtaguso wa IV wa Laterano ukakataza kanuni mpya: anayeanzisha nyumba ya kitawa achukue kanuni iliyokwisha kukubaliwa. Ndiyo maana Kardinali Ugolino aliwapa katiba iliyoegemea Kanuni ya Mt. Benedikto, kali kwa kufunga na ukimya, lakini ufukara alioutaka Klara haumo.

Hapa wafundishaji wengi huteleza. Klara hakudai tu kwamba kila sista asiwe na mali yake; hilo hata Wabenedikto wanalo. Alidai monasteri yenyewe isiwe na mashamba wala mapato ya kodi. Wakubwa wa Kanisa walihofu: wanawake wanaoishi ndani ya ugo, bila kutoka nje, watakula nini? Ugolino, akiwa sasa Papa Gregori IX, alimbembeleza Klara apokee mali, naye Klara akakataa. Tarehe 17 Septemba 1228 akampa hati: asiwepo wa kuwalazimisha kupokea mali. Lakini hati si kanuni. Mwaka 1247 Inosenti IV akaleta kanuni iliyoruhusu mali ya pamoja, na Klara, mgonjwa wa miaka mingi, akaandika ya kwake.

Msomaji wa Kanuni
Soma sura ya 6 hadi ya 8, ndiyo moyo wake. Ardhi inaruhusiwa ile tu inayohitajika kuitenga monasteri, tena isilimwe ila iwe bustani ya mboga kwa mahitaji yao. Sura ya 2 inampa sista kanzu tatu na joho.

Kardinali Rainaldo aliikubali Septemba 1252, Papa akaithibitisha tarehe 9 Agosti 1253. Hati yenyewe ilipatikana 1893 ndani ya vazi la Klara. Pembeni mwake kuna mwandiko unaosema Klara aliigusa na kuibusu mara nyingi, nyingi. Wasomee akina mama mstari huo, wausikie. Rainaldo huyo huyo, akiwa Papa Aleksanda IV, ndiye aliyemtangaza mtakatifu mwaka 1255.

Mfransiskani
Kuhusu igizo: monstransi ni ya wachoraji wa baadaye. Masimulizi ya kale ya uvamizi huo wa mwaka 1240 yanataja kikasha cha fedha ndani ya pembe ya ndovu, chenye Ekaristi. Klara hakukiinua mbele ya askari. Alisujudu mbele yake akisali kwa machozi. Kisanduku kidogo cheupe kitatosha.

Tena usiseme Waklara (masista wa shirika la Klara) wote walifuata Kanuni hii. Mwaka 1263 Papa Urbano IV alitoa nyingine inayoruhusu mali, monasteri nyingi zikaishika. Mt. Koleta wa Corbie ndiye aliyezirudisha nyingi kwenye Kanuni ya Klara katika karne ya 15.