Kukata kimeo: mzazi naye ashitakiwe?

Mwenye mada, Makorora
Assalaam aleikum wana Tanga na jirani zetu wa Bagamoyo. Juzi mtaani kwetu yalizuka mabishano. Wapo waliotaka kila mkata vimeo, yaani fundi wa mtaani anayekata kile kinyama cha kooni ili kutibu kikohozi, apelekwe polisi pamoja na mzazi aliyempelekea mtoto. Mimi nasema mkataji ashitakiwe, mzazi aachwe, na sababu yangu ni hii.

Mpwa wangu alikatwa akiwa na miezi minane. Alikuwa amekohoa wiki mbili. Zahanati moja walimpa dawa ya maji mara mbili, na mara zote mbili dada yangu aliondoka bila kuambiwa mtoto anaumwa nini. Bibi mmoja akamfungua mtoto kinywa, akaona kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa kimevimba, chekundu. Akasema ni kimeo. Jioni kikakatwa bila ganzi, kikapakwa unga wa majani. Usiku mtoto akawa anameza mate kila mara, sisi tukafurahi kwamba ametulia, kumbe anameza damu. Alfajiri akatapika damu nyeusi. Dada yangu alikaa naye mlangoni karibu saa nzima akiogopa kutoka, maana alishasikia wazazi wanakamatwa. Tulimtoa kwa nguvu. Hospitali ya Bombo walimwongeza damu, na leo yu hai. Saa ile moja sijaisahau. Tukimtia mzazi hofu ya jela, watoto watafia majumbani.

Mzee wa Pongwe
Pole mwanangu kwa yaliyowafika. Lakini mimi nimekatwa, wanangu watano wamekatwa, na vikohozi viliisha. Hospitali wenyewe wanakata mafindofindo, mbona hawashitakiwi? Fundi asajiliwe, afundishwe usafi, awe na wembe mpya kwa kila mtoto. Sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 si inawatambua waganga?

Muuguzi, Bagamoyo
Shikamoo mzee. Kikohozi cha mafua aghalabu huisha chenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Fundi huitwa watu wakishachoka, yaani wakati kikohozi nacho kinakaribia kuondoka. Kinaondoka, sifa anapewa yeye.

Na kimeo huvimba kwa sababu koo linaumwa, kama jicho linavyokuwa jekundu likiingiwa na vumbi. Hakuna anayeng'oa jicho. Kile kinyama kina kazi yake: ukimeza, kinanyanyuka pamoja na kaakaa laini na kuziba njia ya puani, maziwa yasipande huko. Hulainisha koo, na husaidia kutamka. Nimewahi kuona mtoto aliyekatwa kupita kiasi, akinyonya maziwa yanamtoka puani.

Mafindofindo ni kitu kingine, ni zile nyama mbili za pembeni mwa koo. Nazo hazikatwi ovyo. Daktari wa masikio, pua na koo huangalia kama zimeugua sana mara saba ndani ya mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili, au tatu kila mwaka kwa miaka mitatu, au kama zinamziba mtoto pumzi akilala. Hapo ndipo anapewa nusu kaputi na kukatwa, na wapo watu wa kuzuia damu ikigoma kukatika.

Wembe mpya unapunguza hatari ya virusi vya UKIMWI, homa ya ini na pepopunda. Hauzuii damu kumwagika, wala hautibu nimonia, pumu au kifua kikuu kilicholeta kikohozi. Hiyo sheria ya 2002 ipo kweli, lakini ipo na Sheria ya Mtoto ya 2009, inayokataza mila zenye kumdhuru mtoto.

Mama wa Chumbageni
Kaka, sikubaliani nawe. Mkataji haji mwenyewe, anaitwa na kulipwa. Ukimwacha anayelipa, kesho atapatikana mkataji mwingine. Kwenye ukeketaji hatusemi mzazi aachwe. Mtoto wa miezi minane atatetewa na nani?

Mwenye mada, Makorora
Dada, hoja yako ni nzito, sina jibu lake lote. Basi nirekebishe: mzazi anayemfikisha mtoto hospitali apokelewe bila kutishwa. Anayemficha mtoto huku anavuja damu, hapo niko nawe. Lakini na zahanati nazo tuzibane. Mama asiondoke na chupa ya dawa hajui mwanawe ana nini, maana bibi wa mtaani anayo maelezo tayari, na anayatoa kwa upole.

Mzee wa Pongwe
Marahaba binti. Mtoto anakohoa usiku kucha, nyumba nzima haijalala, nawe unasema wiki tatu. Ni rahisi kusema.

Muuguzi, Bagamoyo
Si rahisi, mzee wangu. Wala sisemi mtu akae nyumbani kusubiri. Aje, na akirudishwa bila maelezo, aje tena aulize. Mtoto chini ya miaka 5 kisera anatibiwa bure katika vituo vya serikali.

Baba wa Duga
Samahanini nakatisha. Wangu ana mwaka mmoja na nusu, leo siku ya kumi na sita anakohoa. Mama mkwe ameshaongea na fundi, anakuja Jumamosi. Nifanyeje?

Muuguzi, Bagamoyo
Kaka, usiingoje Jumamosi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mpandishe nguo, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi ni za haraka, mpeleke leo hii. Kifua kikibonyea chini ya mbavu, akishindwa kunyonya au akitapika kila kitu, usisubiri hata kuhesabu. Zikiwa chini ya 40, bado mpeleke kesho asubuhi, kikohozi kilichovuka wiki mbili kichunguzwe kifua kikuu. Taja idadi ya siku, na useme kama yupo mtu mzima nyumbani anayekohoa. Mama mkwe nenda naye, akasikie mwenyewe.

Baba wa Duga
Nimehesabu mara mbili. 46. Tunatoka sasa hivi, na mama mkwe yumo.