Kuizima gari wakati wa kusubiri wageni: je, kunapunguza mafuta kweli?

Dereva_wa_Mjini ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaendesha gari ya wageni, Noah ya petroli yenye injini ya cc 2,000, na kazi yangu ni kuwachukua wageni uwanja wa ndege au Mji Mkongwe na kuwafikisha Nungwi, Kiwengwa au Paje. Mafuta natia mwenyewe, na tajiri wa gari anataka hesabu yake ileile, bei ya mafuta ya mwezi huo inayotangazwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti ya Zanzibar, iwe imepanda au imeshuka. Wenye kazi hii wanajua kwamba kusubiri ni kwingi kuliko kwenda. Mgeni aliyeniambia anaingia mara moja tu kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani hutoka baada ya saa nzima, keshavishwa kofia ya makuti na mkoba umejaa iliki na mdalasini, na muda wote huo gari inaunguruma na AC inafanya kazi ili akirudi asikute joto.

Nimefikiri kuizima, lakini wenzangu wa kituoni wanashikilia kwamba kuwasha mara moja kunakula mafuta kuliko kuiacha ikiunguruma nusu saa, na kwamba stata (mota inayoiwasha injini) na betri havitamaliza mwaka. Tajiri naye keshaniambia kuwa betri ikifa nitainunua mimi. Naomba mwenye ujuzi anifahamishe: je, kuizima kunaokoa mafuta kweli, na ni baada ya kusubiri muda gani?

Fundi_Umeme_Kwerekwe amejibu:

Waalaykum salaam ndugu yangu. Maneno ya wenzako hayakuzuka hivi hivi. Yalikuwa na ukweli wake zama za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, pale dereva alipovuta choki na kukanyaga mafuta mara kadhaa kabla ya injini kushika, na sehemu ya petroli hiyo ikitoka nje bila ya kuungua. Noah yako haina kabureta. Kompyuta yake inapima joto la injini na hewa inayoingia, kisha inaziamuru nozeli, yaani vipuliza mafuta, zirushe kiasi kinachohitajika tu, kwa hivyo injini iliyokwisha kupata moto ikiwashwa tena hutumia mafuta ambayo ingeyamaliza kwa sekunde chache za kuunguruma. Wizara ya Nishati ya Marekani, ambayo vipimo vyake vilifanywa na maabara ya Argonne, inaweka mpaka kwenye sekunde 10: ukisimama zaidi ya hapo, kuzima na kuwasha tena kuna nafuu ya mafuta. Wizara hiyo inakadiria pia kwamba gari iliyosimama kwenye sailensi, yaani inaunguruma bila ya kwenda, inakula robo hadi nusu galoni ya Kimarekani kwa saa, yaani lita 1 hadi 2 hivi, kutegemea ukubwa wa injini na matumizi ya AC. Saa yako moja ya Kizimbani, basi, ni mafuta ambayo yangekurudisha karibu mpaka mjini.

Sasa nije kwenye betri, maana hapo ndipo tajiri wako alipokushika. Stata inavuta umeme mwingi, tuseme ampia 150, lakini kwa sekunde moja tu au mbili. Ukipiga hesabu, sekunde moja ya namna hiyo haifiki hata 0.05 ya ampia-saa, kwenye betri ambayo pengine ina ampia-saa 45, na altaneta, inayochaji betri injini ikizunguka, inakirejesha kiasi hicho kabla hujafika mbali. Linganisha na taa mbili za mbele za wati 55 kila moja, ambazo zikiwaka wakati injini imezimwa zinanyonya ampia 9 mfululizo. Magari mengi ninayoletewa yakiwa yamekufa betri hayakuuliwa na kuwasha mara kwa mara. Dereva amezima injini akaiacha swichi mahali pake, redio inapiga, feni inazunguka, na simu za abiria zinachaji. Saa mbili baadaye anatafuta watu wa kusukuma. Ukizima, zima kweli: swichi irudi mpaka mwisho na taa zote zife.

Kuhusu stata wenzako wana haki kidogo. Stata ya kawaida haikutengenezwa kwa ajili ya kuwashwa mara mia kwa siku, na kaboni zake zinalika. Kwenye foleni ya Darajani inayosogea hatua kwa hatua mimi siizimi gari, hata kama hesabu ya sekunde 10 inaniruhusu. Kipimo changu ni dakika moja. Na kama asubuhi stata inazunguka kwa uvivu, shughulikia betri kwanza, ndipo uanze tabia hii.

Mzee_wa_Mkoani amejibu:

Niongeze la huku kwetu Pemba, ambako barabara zetu zina milima na mabonde mengi kuliko za Unguja. Kuna vijana wanaozisikia habari hizi wakazifahamu vibaya, wakaizima injini kwenye mteremko gari ikiwa mbioni. Huko ni kutafuta kifo, tena bila ya faida yoyote. Injini ikizimwa, breki hubaki na msaada wa kukanyagwa mara mbili tatu tu, halafu kanyagio linakuwa gumu kama umekanyaga jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, na ufunguo ukirudishwa mpaka mwisho usukani unaweza kujifunga. Gari ya nozeli ikiteremka ikiwa kwenye gia, nawe umeutoa mguu kwenye mafuta, kompyuta yenyewe inasimamisha mafuta. Kuzima hapo kunaokoa nini?

Wenye dizeli za tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu ya moshi) nao, mkishapanda mlima na mzigo, iacheni injini ikae kwenye sailensi dakika moja au mbili tabo ipoe, kisha zimeni.

Mama_Fuoni amejibu:

Mwanangu, mafundi wamekujibu la injini, mimi nakujibu la AC, kwa kuwa nawasubiri watoto nje ya skuli kila siku na jua la saa saba nalijua. Tafuta kivuli, zima, fungua vioo vya pande zote mbili upepo upite. Ukiwaona wageni wanarudi, washa gari, endesha mwanzo na vioo vikiwa wazi ili ule moto wa ndani utoke, kisha funga na uiache AC ifanye kazi. Gari inapoa upesi zaidi kuliko kuiwekea AC ikiwa imefungwa na imejaa joto. Mgeni akitaka kubaki ndani na mtoto mdogo, hapo usizime. Mafuta hayo yana haki yake. Na wewe mwenyewe usilale ndani ya gari iliyofungwa inayounguruma, hasa ikiwa imeegeshwa kwenye banda au karibu na ukuta, kwani moshi wa ekzosi una gesi isiyo na harufu ambayo humuua mtu usingizini.

Dereva_wa_Mjini ameandika:

Nawashukuru sana, Mungu awalipe. Swali la mwisho kwa fundi: tajiri ana mpango wa kuagiza kutoka Japani gari inayojizima yenyewe ikisimama na kujiwasha dereva akiachia breki. Wengi wananiambia kitufe cha mfumo huo nikifunge, usifanye kazi, tangu siku ya kwanza kwa sababu inaua betri.

Fundi_Umeme_Kwerekwe amejibu:

Usikifunge kabla ya kufungua boneti na kusoma maandishi ya betri. Gari hizo zina stata iliyoimarishwa na betri ya aina yake, na betri za Kijapani za kazi hiyo huandikwa M-42, N-55, Q-85 au S-95, wakati za kawaida huandikwa mfano 40B19 au 55B24. Betri ya asili ikichoka, watu hununua ya kawaida kwa sababu bei yake ni rahisi na inaingia mahali pale pale, kisha mfumo unaichosha kwa muda mfupi na lawama inaangukia kitufe. Tajiri akikubali kununua yenye alama inayolingana na ile ya mwanzo, iache gari ijizime. Akikataa, basi kifunge kitufe, na kwenye kusubiri kurefu zima kwa mkono kama tulivyoeleza.