Nyaraka zipi za mwaka 1945 zinafaa kwa mdahalo wa bomu la atomiki, kidato cha sita?

Mwalimu wa Mpwapwa ameuliza:

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninafundisha Historia kidato cha tano na cha sita katika shule moja ya mkoa wa Dodoma, na muhula huu tuna mdahalo kuhusu matumizi ya mabomu ya atomiki huko Hiroshima na Nagasaki. Midahalo yetu ya nyuma juu ya mada hii imekuwa ikiishia palepale: upande mmoja unapaza sauti kwamba Marekani walikuwa makatili, upande wa pili unajibu kwamba Japani ndio waliojitakia tangu waliposhambulia Pearl Harbor, na mwenyekiti anagonga meza muda ukiwa umekwisha bila mtu yeyote kunukuu karatasi hata moja iliyoandikwa na wahusika wenyewe. Safari hii nataka kila mzungumzaji asimame akiwa na waraka mkononi.

Vyanzo vya msingi vimejaa mtandaoni, lakini shule ina mashine moja ya fotokopi, na kijana ukimkabidhi kurasa mia moja atasoma ya kwanza na ya mwisho. Je, mngechagua nyaraka zipi, na mngewafundishaje wanafunzi kuzipima badala ya kuzikariri? Vilevile naomba maoni kuhusu ushuhuda wa manusura, maana nina wasiwasi kwamba ukisomwa ukumbini utafunga mjadala kwa machozi kabla haujaanza.

Mtunza Nyaraka amejibu:

Mwalimu, salaam. Kabla kijana hajasoma mstari wowote, mwambie aandike juu ya kila nakala tarehe ambayo waraka uliandikwa na mtu aliyekusudiwa kuusoma. Katika suala hili tarehe ni nusu ya hoja, kwa sababu sehemu kubwa ya yale yanayonukuliwa kwenye mabishano yaliandikwa baada ya Agosti 1945, wakati kila mhusika alikwisha kuyajua matokeo na alikuwa na jina lake la kulinda.

Kwa swali la nani hasa alilengwa, ningetoa nyaraka chache tu. Anza na kumbukumbu za kikao cha Kamati ya Shabaha, kamati ya Marekani iliyopendekeza miji ya kupigwa, kilichofanyika Los Alamos, kwenye maabara ya bomu, tarehe 10 na 11 Mei 1945, ambamo inatajwa miji ya Kyoto, Hiroshima, Yokohama, Niigata na kiwanda cha silaha cha Kokura. Wajumbe wanazungumza waziwazi juu ya athari za kisaikolojia kwa Wajapani, na kuhusu Hiroshima wanasema kwamba ni ghala muhimu la jeshi, kisha wanaongeza kwamba vilima vinavyouzunguka mji huenda vikaongeza madhara ya mlipuko. Fuatisha kumbukumbu za Kamati ya Muda, iliyoshauri serikali ya Marekani kuhusu bomu, za tarehe 31 Mei, ambazo zinahitimisha kwamba shabaha inayofaa zaidi ni kiwanda muhimu cha vita chenye wafanyakazi wengi na kilichozungukwa kwa karibu na nyumba za wafanyakazi hao.

Baada ya hapo wape karatasi mbili za siku moja, tarehe 25 Julai 1945. Ya kwanza ni amri ya Jenerali Handy, kaimu mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, kwa Jenerali Spaatz, kamanda wa anga, ambayo ni fupi na kavu: kikosi cha anga namba 509 kitadondosha bomu maalumu la kwanza mara hali ya hewa itakaporuhusu kuona shabaha kwa macho, kuanzia takriban tarehe 3 Agosti, juu ya mmojawapo wa miji ya Hiroshima, Kokura, Niigata na Nagasaki, na mabomu mengine yatafuata kadiri yatakavyokuwa tayari. Haitaji kambi, bandari wala kiwanda chochote ndani ya miji hiyo. Ya pili ni ukurasa wa shajara ambayo Rais Truman aliiandika kwa mkono akiwa Potsdam, Ujerumani, anaposema kwamba amemwelekeza waziri wa vita, Stimson, silaha hiyo itumike dhidi ya malengo ya kijeshi, askari na mabaharia, na si wanawake na watoto. Waketishe wanafunzi wawili wawili, kila mmoja ashike karatasi moja, na mmoja amsomee mwenzake kwa sauti. Hutahitaji kuwaeleza tatizo liko wapi.

Mwishoni ndipo uwape hotuba ya redio ya tarehe 9 Agosti, ambayo Truman aliiambia dunia kwamba bomu la kwanza lilidondoshwa Hiroshima, kituo cha kijeshi, ili kuepuka kadiri iwezekanavyo vifo vya raia.

Mwalimu wa Mpwapwa:

Nashukuru sana, hili nitalitumia. Ila nawafahamu wanafunzi wangu, na najua mmoja atanyanyuka aulize: je, Rais aliidanganya shajara yake mwenyewe?

Mtunza Nyaraka:

Aulize, na asijibiwe haraka. Inawezekana Truman aliamini alichokiandika kwa sababu ndivyo alivyoelewa mazungumzo yake na Stimson, ambaye kwa kweli aliiondoa Kyoto kwenye orodha licha ya upinzani wa Jenerali Groves, mkuu wa mradi wa bomu. Inawezekana pia aliandika akijua kwamba shajara ya rais haibaki siri milele, au alikuwa anajituliza nafsi. Upande wa utetezi nao una haki ya kukumbusha kwamba Hiroshima palikuwa na makao makuu ya Jeshi Kuu la Pili la Japani, kwa hiyo madai ya kituo cha kijeshi hayakutungwa hewani. Kosa ni kuichukulia shajara kama ushahidi wa kilichoamriwa, ilhali amri yenyewe tunayo. Shajara inatuonyesha namna Rais alivyopenda kujisimulia siku ile, na huo nao ni ushahidi wa aina yake.

Mgogo wa Makulu amejibu:

Naungana na ndugu Mtunza Nyaraka kuhusu tarehe, lakini tahadhari iongezwe kwenye takwimu, kwa sababu hapo ndipo vijana wetu hupenda kutamba. Waziri Stimson alipochapisha makala yake katika jarida la Harper's mwezi Februari 1947, alisema kwamba aliarifiwa uvamizi wa Japani ungeweza kuyagharimu majeshi ya Marekani peke yake watu zaidi ya milioni moja. Wanafunzi huinukuu idadi hiyo kana kwamba wote ni maiti, wakati majeruhi wamo humo humo. Halafu ukifungua tathmini ya wapangaji wa vita ya katikati ya Juni 1945, unakuta makadirio ya takriban watu 193,500 kwa kuvamia kusini mwa kisiwa cha Kyushu na kisha uwanda wa Tokyo, ambao kati yao waliotarajiwa kufa ni 40,000.

Upande wa wapinzani wakiliona hilo watashangilia na kusema kwamba milioni ilibuniwa baada ya vita. Wasiharakishe. Rais wa zamani Herbert Hoover alikuwa amemwandikia Truman tayari mwezi Mei 1945, akitaja maisha ya Wamarekani kati ya 500,000 na 1,000,000 ambayo yangeokolewa kwa kufikia amani mapema. Maofisa wa jeshi waliuona waraka huo na kuiona idadi yake kuwa kubwa mno, lakini ulikuwapo mezani. Kwa hiyo kijana asiishie kutaja namba. Aseme nani aliikadiria, lini, na kwa mpango gani wa vita.

Sisi wa huku Dodoma tuna mfano wa karibu wa kuwafundishia tabia hii. Mpango wa karanga wa Kongwa ulianza mwaka 1947 kwa makadirio mazuri ya Waingereza kuhusu ekari na tani, na kufikia mwaka 1951 ulikuwa umeachwa. Mwanafunzi aliyekulia Kongwa hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba makadirio ya ofisini, hata yakiwa na muhuri wa serikali, ni jambo la kuhojiwa.

Binti Kondoa amejibu:

Shikamooni wakubwa. Naona nyaraka zote zilizotajwa ni za Marekani, na mdahalo ukiendeshwa hivyo Japani itabaki kuwa shabaha tu, wakati nayo ilikuwa na serikali iliyokuwa ikifanya maamuzi. Zipo simu za maandishi kati ya Waziri wa Mambo ya Nje, Togo, na balozi wake wa Moscow, Sato, za mwezi Julai 1945, ambazo Wamarekani walizinasa na kuzifumbua. Katikati ya mwezi, Togo anaeleza kwamba kikwazo cha amani ni sharti la kujisalimisha bila masharti. Wanaopinga bomu huishia hapo. Lakini balozi Sato alimjibu kwa ukweli mchungu kwamba Japani haina la kufanya ila kukubali hali hiyo au inayokaribiana nayo, na tarehe 21 Julai Togo akamwandikia kwamba kujisalimisha bila masharti hakukubaliki kwa vyovyote vile. Atakayenukuu ya kwanza bila ya mwisho akatwe alama.

Kuhusu kilichoimaliza vita, wape matamko mawili ya Mfalme Hirohito. Katika lile lililosomwa redioni tarehe 15 Agosti kwa wananchi wote, anataja bomu jipya la kikatili. Katika lile la tarehe 17 Agosti lililoelekezwa kwa wanajeshi, bomu halitajwi. Kinachotajwa ni kuingia vitani kwa Umoja wa Kisovieti, ambao ulitangaza vita tarehe 8 Agosti na kuvamia Manchuria siku iliyofuata. Mfalme ni yuleyule, tofauti ni siku mbili, na sababu zimebadilika kwa kufuata wasikilizaji. Mimi binafsi naamini Wasovieti waliwashtua majenerali kuliko tunavyofundishwa, ingawa tamko moja halitoshi kulithibitisha hilo.

Mtunza Nyaraka:

Nakubaliana na Binti Kondoa, na nirudi kwenye suala la manusura ambalo tumeliruka. Mwalimu, usiuache ushuhuda wao nje. Hiroshima peke yake inakadiriwa kwamba watu wapatao 140,000 walikuwa wamefariki kufikia mwisho wa mwaka 1945, na kamati zote hizo zilikuwa zikijadili jambo ambalo hakuna mjumbe aliyewahi kuliona likimpata mwanadamu. Ushuhuda wa manusura hautakueleza kwa nini Washington waliamua, hivyo usitumiwe kujibu swali hilo. Unaeleza kilichoamuliwa kilikuwa kitu gani kilipofika chini. Waombe wazungumzaji wautumie pale tu hoja inapohusu madhara, na mwenyekiti awakatize wakivuka hapo. Nikiwa bado hapa: madini mengi ya urani yaliyotumika yalitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na wachimbaji wake hawana sauti katika nyaraka hizi zote. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe, mpe alama za ziada.

Hoja ya mdahalo nayo ipunguzwe. Badala ya kuuliza kama Marekani walikuwa na haki, uliza kama kufikia mwisho wa Julai 1945 viongozi wao walikuwa na njia nyingine waliyoifahamu na kuipuuza. Hapo utawapa ripoti ya wanasayansi wa Chicago chini ya James Franck ya tarehe 11 Juni, iliyopendekeza bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipo na watu, pamoja na jibu la tarehe 16 Juni la akina Oppenheimer na Fermi, wanasayansi wa mradi wa bomu, kwamba hawakuona onyesho lolote ambalo lingeweza kumaliza vita. Pande zote mbili zitakuwa na wanasayansi, na hakuna atakayeweza kujificha nyuma ya cheo.

Karatasi moja ibaki mfukoni mwako hadi michango ya ukumbini itakapoanza: barua ya Groves kwa Jenerali Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, ya tarehe 10 Agosti 1945, inayosema kwamba bomu linalofuata lingekuwa tayari kutumika baada ya tarehe 17 au 18 Agosti. Chini yake Marshall ameandika kwa mkono kwamba lisidondoshwe Japani bila idhini ya wazi ya Rais. Wasomee hiyo pamoja na ile amri ya tarehe 25 Julai, kisha waulize wachangiaji ni kitu gani kilibadilika katika siku hizo 16.