Tupeane uzoefu: mfarishi wako wa viraka umekwama wapi, na wazo lake ulilipata wapi?

Mwanzisha mada, Tanga

Ndugu zangu washonaji, chini ya kitanda changu lipo kapu la ukindu lenye mifarishi mitatu, yaani matandiko ya viraka vilivyoungwa, na hakuna hata mmoja uliokamilika. Wa kwanza umebakiza pindo, wa pili haujatiwa pamba, na wa tatu ni vipande 42 vya khanga za marehemu bibi yangu, ambavyo nimevipanga sakafuni na kuvipangua mara nyingi bila kuridhika. Wazo la huo wa tatu nililipata sokoni, nilipomtazama mama mmoja akipanga mafungu ya nyanya juu ya gunia, tatu chini na moja juu, na kila alipouza fungu akiyasogeza mengine ili pengo lisionekane. Nilirudi nyumbani nikavipanga viraka vyekundu vivyo hivyo, vikapendeza.

Kilichonikwamisha ni majina. Bibi alinunua khanga kwa jina kwanza, rangi baadaye, nami nilikata miraba ya sentimita 15 bila kufikiri, hata khanga iliyoandikwa "Wema hauozi" ikanipa kiraka kinachosema "ozi" peke yake. Nani amewahi kukutwa na hili, na alifanyaje?

Mchangiaji, Mombasa

Pole dada. Mimi jina silikati kabisa: huliondoa zima kama utepe mrefu pamoja na sehemu ya pindo, kisha hulizungusha kandokando ya mfarishi mwishoni kabisa.

Huku kwetu khanga bado tunaiita leso, na wazee husimulia sababu yake. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zilizokuja zikiwa hazijakatwa katika jora, wakachukua sita, wakaziunga tatu kwa mbili, wakapata nguo moja ya kujifunga. Majina yalikuja baadaye, na hapa mjini yanahusishwa sana na duka la Abdulla lililofunguliwa mwaka 1887. Kwa hiyo nguo tunayoikatakata leo ilianza yenyewe kwa kuungwa. Mfarishi wangu ambao haujaisha unafuata mpango huohuo wa miraba sita mikubwa, na umesimama kwa sababu mraba wa sita sijaupata. Nimekwishajaribu vitambaa vinne, na vyote vinapiga kelele.

Mchangiaji, Morogoro

Wangu umekwama kwa kosa langu mwenyewe, nami ninalieleza ili mwenzangu asilirudie. Nilichanganya kisutu kipya, ile khanga yenye wekundu mwingi, na kitambaa cheupe bila kukifua kisutu kwanza, kwa kuwa nilipenda ule ukavu wake wa dukani, ambao kwa kweli ni wanga tu. Nilipomaliza kuunga viraka 60 nikaviloweka kwenye beseni, na nilipogeuka kuchukua sabuni maji yalikuwa yamekwisha kuwa kama juisi ya rosela. Vyeupe vyote vilinyonya wekundu, tena kwa mabaka, na kisutu kikasinyaa hata mishono ikavutana.

Sasa kila kitambaa hulala katika ndoo yake, hufuliwa hadi maji yawe safi, kisha hukisugua kwa tambara jeupe lenye unyevu kabla ya kukiamini. Ule mfarishi ninaufumua kila jioni kwa wembe wa zamani, nami nimefikia kiraka cha 18.

Mchangiaji, mwanafunzi India

Huku Karnataka wapo Wasidi, ambao wengi wao ni kizazi cha Waafrika waliopelekwa Goa na Wareno. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo chakavu za nyumbani, na namna yao ilinishangaza: hawapangi viraka sakafuni kama sisi, bali huanzia ukingoni wakazunguka kuelekea katikati, wakichukua kipande kilicho karibu na mkono na kukishikiza papo hapo kwa mishono ya mkono. Kwenye pembe huweka vipande vilivyokunjwa pembetatu, navyo huitwa phula, yaani maua. Bila hayo kazi huhesabiwa kuwa haijatimia. Nimeanza mmoja kwa mtindo huo, na sijui katikati yake patakuwaje, jambo ambalo kwa mpenda mpango kama mimi ni mateso.

Mchangiaji, Arusha

Dada wa Tanga, huo wa pili usiutie sufi. Wangu uliviringana mabonge baada ya kufuliwa mara moja tu. Blanketi la zamani katikati linatosha.

Mwanzisha mada, Tanga

Ahsanteni sana. Ushauri wa Mombasa umenikumbusha kwamba khanga huuzwa kwa doti, na upande wa pili wa ile ya "Wema hauozi" anao shangazi yangu huko Pangani. Nimempigia simu. Amekubali kunipa, ila amehoji kwanza mfarishi huo ukiisha utatandikwa kitanda cha nani.