Masta ya biashara nje: Chevening, mkopo usio na mdhamini, au Ujerumani?

Mhasibu_wa_Moro
Wakuu, heshima zenu. Nina miaka 31, nina B.Com, niko taasisi ya mikopo midogo mwaka wa sita huu. Nataka MBA nje. Akiba ipo, ila si ya kulipia ada ya Ulaya. Nimebaki na njia tatu: ufadhili wa Chevening wa Uingereza, mkopo wa Prodigy Finance, na Ujerumani ambako nasikia chuo ni bure. Mliopita huko, mngeanza na ipi?

Dada_wa_Pangani
Kaka, Chevening, bila kufikiria mara mbili. Inalipa ada, nauli, viza na posho ya kila mwezi. Wanataka saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, wewe umeshavuka. Ila hiyo MBA ndiyo inayowaponza wengi. MBA imewekewa ukomo wa ada, kinachozidi unatoa mfukoni, na za vyuo vyenye jina huzidi mno. MSc ya usimamizi au ya fedha haina ukomo huo. Fomu inakutaka uchague kozi tatu. Jaza MSc zote tatu ulale usingizi. Sharti lao: ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka miwili.

Mzee_wa_Riba
Hapo kwenye kurudi ndipo pa kuamulia. Prodigy ilianzishwa 2007 na watu waliosoma INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa. Haitaki mdhamini wala hati ya nyumba. Inaangalia chuo unachokwenda na kipato unachotarajiwa kupata baadaye. Sasa ukope dola, urudi ulipwe shilingi? Riba inabadilika, inahesabiwa ukiwa bado darasani, na marejesho yanaanza miezi sita baada ya kumaliza. Wewe mwenyewe ni mtu wa mikopo: mteja wa hivyo akija mezani kwako, ungempitisha? MPOWER nao hawataki mdhamini, ila ni kwa vyuo vya Marekani na Kanada tu, na riba unaanza kuilipa ungali mwanafunzi. Anayepanga kubaki huko kwenye benki au ushauri wa biashara, sawa, akope. Anayerudi, mimi nisingemshauri asaini.

Kijana_wa_Bonn
Mkuu, hiyo "bure" ya huku usiimeze nzima. Vyuo vingi vya umma havitozi ada kwa masta ya kawaida, unalipa mchango wa muhula tu. MBA inatozwa, hata kwenye chuo cha umma. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kwa hiyo tafuta M.Sc., na watakagua B.Com yako ilikuwa na uchumi na takwimu kiasi gani. Zinazofundishwa kwa Kiingereza zipo.

Kizingiti chenyewe ni Sperrkonto, akaunti ya benki inayofungiwa fedha za kujikimu. Unaweka euro 11,904 kabla ya viza, halafu unatolewa 992 kila mwezi. Ni zaidi ya milioni 30 za kwetu, na zinatakiwa ziwepo hata tiketi hujakata. Hazipotei, unazila mwenyewe, lakini nani anazo mkononi? Wengi ninaowafahamu familia iliuza kiwanja. Kazi unaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka. Inasaidia kujazia, haiwezi kukutunza peke yake.

Mama_Zuu
Nyongeza kwa wadogo zetu wanaosoma hapa: Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, inalipa ada, hosteli, bima, posho na tiketi, pamoja na mwaka wa kujifunza Kituruki. Masta lazima uwe chini ya miaka 30, kwa hiyo mleta mada umeshapitwa, pole.

Mhasibu_wa_Moro
Asante dada Zuu, umenizeesha mchana kweupe. Sperrkonto imeniondoa, mkopo umeondolewa na Mzee. Inabaki Chevening. Kwenye insha yao ya uongozi naandika nini? Sijawahi kuwa meneja wa mtu yeyote.

Dada_wa_Pangani
Cheo hawakuulizi. Huna kikundi cha akina mama ulichokisimamia kikagoma kurejesha? Andika nani aligoma, mlikaa naye wapi, wewe ulisema nini, na fedha zilirudi vipi. Maombi hufunguliwa Agosti. Usisubiri wiki ya mwisho, mtandao wao huelemewa.

Mhasibu_wa_Moro
Kipo, cha wauza samaki, na mwekahazina ndiye aliyegoma. Naanza nacho usiku huu.